Mdudu Mweusi Mwenye Mabawa ya Rangi ya Kutu

   Nyinyi watoto mlioruhusiwa kukaa karibu na redio kabla ya kulala, sogeeni, maana jioni hii nina kazi ya kuwapa. Uwe Makanyagio au Kashaulili hapa Mpanda mjini, uwe Inyonga, Majimoto, Usevya, Mishamo, au Karema kule kando ya ziwa, karibu tuzungumze.

Leo tuna swali. Ni swali ambalo hurudi kila mvua za kwanza zinapoanguka. Mtu yuko shambani na jembe lake, au ameketi barazani anachambua mboga, mara anamwona mdudu asiyemfahamu. Ni mkubwa, urefu wake unakaribia kidole kidogo cha mkono. Mwili mweusi unaong'aa kibuluu, mabawa yana rangi ya kutu. Hatulii. Anakimbia ardhini hatua chache, anasimama, anatikisa mabawa, anakimbia tena, vipapasio vya kichwani vimejikunja mbele. Anaingia kwenye ufa, anatoka, anaingia kwenye shimo, anatoka. Umbo lake ni la nyigu. Lakini nyigu gani wa ukubwa huu?

Basi swali linalofuata huwa ni lile lile: ana sumu? Na kabla jibu halijapatikana, ndara imeshavuliwa mguuni.

Jioni hii naomba tuyapange maswali yetu upya. Kabla ya kuuliza kama ana sumu, tuulize anafanya nini. Anatafuta nini pale chini? Amebeba nini? Yuko peke yake, au wako wengi? Na nyumba yake iko wapi? Shika maswali hayo, ndugu msikilizaji, nitayarudia. Rangi hudanganya, na ukubwa hudanganya zaidi. Kazi anayoifanya mdudu ndiyo inayotuambia ni nani.

Haya, tumtazame huyu mwenye mabawa ya kutu. Anatafuta nini? Anatafuta buibui. Tena si buibui wa ukutani, wale wadogo wenye utando pembeni mwa dari. Anamtafuta yule mkubwa mwenye manyoya, aishiye shimoni, ambaye wengi wetu tukimwona tunaruka. Kwa huyu nyigu, yule ndiye chakula cha mwanawe. Wataalamu wamemweka katika jamii ya nyigu wawindaji wa buibui, na hawa wakubwa wa Afrika wengi wao ni wa jenasi iitwayo Hemipepsis. Wakubwa kabisa miongoni mwao huweza kufika sentimita tano.

Sikiliza anavyofanya. Jike, maana ni jike pekee anayewinda, huingia shimoni kwa buibui au humtoa nje. Hapo hupigana. Buibui ana meno na ana sumu yake, tena mara nyingi ana mwili mzito kuliko nyigu. Lakini nyigu ana wepesi, na anajua mahali pa kuchoma: chini ya kifua, karibu na mizizi ya miguu, ambapo mishipa ya fahamu imekusanyika. Akichoma pale, buibui hulegea. Hafi. Narudia, hafi. Anapooza tu, akiwa hai. Kisha nyigu humkamata na kumburuta kinyumenyume, juu ya majani, juu ya mawe, mpaka kwenye shimo. Wakati mwingine shimo hilo ni la buibui mwenyewe. Humwingiza ndani, hutaga yai moja juu ya tumbo lake, hufukia mlango, huondoka.

Buibui mmoja, yai moja, mtoto mmoja. Yai likianguliwa, buu huanza kula. Naye hula kwa utaratibu wa ajabu: sehemu zinazomweka buibui hai huachwa mpaka mwisho, ili nyama isioze. Buu hukua, hujifungia, hugeuka, na baadaye hutoka ardhini nyigu kamili mwenye mabawa ya kutu. Na huyo aliyekomaa, je, hula buibui? Hapana. Yeye hunywa mbochi wa maua. Kule Afrika Kusini kuna mimea ya nyikani inayotegemea nyigu hawa hawa kuchavusha maua yake, na bila wao haipati mbegu.

Sasa tuje kwenye lile swali la mwanzo, maana najua bado unalo. Je, anauma? Ndiyo, anauma, na anauma sana. Kulikuwa na mtaalamu wa wadudu wa Marekani, Justin Schmidt, aliyefariki mwaka 2023. Alitumia miaka mingi kulinganisha maumivu ya kuchomwa na wadudu mbalimbali, mengi akiyapata mwilini mwake mwenyewe, akayapanga katika ngazi ya moja hadi nne. Ndugu wa huyu nyigu wetu, wale wa Amerika wanaowinda buibui wakubwa, aliwapa nne, juu kabisa. Lakini aliongeza jambo ambalo ningependa ulishike: maumivu yale hudumu dakika chache tu, kisha hupungua. Ni makali, ila si ya kuua mtu mwenye afya ambaye mwili wake hauna mzio.

Na jingine muhimu zaidi: hana sababu ya kukuchoma. Ana shughuli yake. Ukimpisha, atapita. Wanaochomwa ni wale wanaomshika, wanaomkanyaga peku, au mtoto anayemfunika kwa kiganja ili amwonyeshe mwenzake. Watoto, mmenisikia? Tunatazama kwa macho. Mikono inabaki nyuma.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye mzizi wa mazungumzo yetu. Kuna nyigu wapweke, na kuna nyigu wa jamaa. Mpweke anaishi peke yake, anachimba peke yake, anawinda peke yake. Hana askari, hana ghala la asali, hana mamia ya ndugu wa kuwaita. Ukimkaribia, hukimbia. Wa jamaa ni tofauti. Hao wana nyumba moja, wana watoto wengi ndani, na ukiigusa nyumba wanatoka wote. Kwa hiyo hatari kubwa haiko kwa yule mkubwa unayemwona peke yake ardhini. Hatari iko penye nyumba ya wengi, hata kama kila mmoja wao ni mdogo.

Nchi hii yetu ina ushahidi wa zamani wa jambo hilo. Januari 1872, David Livingstone na Henry Morton Stanley walikuwa safarini kutoka Ujiji kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Njia yao ilipita huku kwetu, Mpokwa, kisha ikaingia Ukonongo. Tarehe 27 ya mwezi huo, wakiwa njiani, nyuki wakauvamia msafara. Si nyigu wakubwa, ni nyuki wetu hawa wa kawaida. Livingstone alikuwa na punda ambaye Stanley alimnunulia. Punda yule, badala ya kukimbia, alijilaza akaanza kugaagaa. Livingstone naye, kwa maandishi yake mwenyewe katika shajara, alianza kwa kugaagaa, kisha akasimama akatimua mbio, akaingia kichakani, akakimbia tena huku akizungusha tawi kichwani. Alitoka na uso na kichwa vilivyojaa maumivu. Punda alichomwa kichwani, usoni na midomoni, na baada ya siku mbili akafa.

Punda mzima, ndugu msikilizaji. Kila nyuki alikuwa mdogo, ila walikuwa wengi, na yule punda alibaki pale pale. Hilo la kubaki ndilo lililomwua. Kwa hiyo ukivamiwa na kundi, la nyuki au la nyigu, usilale chini, usisimame kupigana. Funika uso kwa nguo, kimbia, kimbia mbali, ingia ndani ya nyumba ufunge mlango. Na kama umefunga mnyama karibu na mizinga, punda au mbuzi, mfungue mapema, maana yeye hawezi kujifungua kamba.

Na ukishachomwa? Nyuki huacha mwiba mwilini. Uondoe haraka, kwa kucha au kwa chochote kilicho karibu, kwa sababu kadiri unavyokaa ndivyo unavyoendelea kumimina sumu. Nyigu haachi mwiba, na huweza kuchoma tena na tena. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi, vua pete kama umechomwa mkononi kabla kidole hakijavimba. Wengi watapata maumivu, wekundu na uvimbe, basi. Lakini mtu akianza kuvimba midomo au ulimi, akipumua kwa shida, akitokwa na vipele mwili mzima mbali na pale alipochomwa, akitapika au kuishiwa nguvu, hapo usisubiri hata dakika. Mpeleke hospitali. Narudia: usisubiri. Hali hiyo inaweza kumwua mtu kwa mchomo mmoja, na kuna dawa ya sindano inayoituliza. Na aliyechomwa mara nyingi sana, hasa mtoto au mzee, apelekwe hospitali hata kama anasema anajisikia vizuri.

Basi turudi kwa hawa wageni wetu. Tuulize tena: nyumba yake iko wapi?

Ukiinua macho chini ya paa, au kwenye kona ya darasa, unaweza kuona kitu cha kijivu kinachoning'inia kwa kikonyo, chenye vijumba vilivyofunguka kuelekea chini. Juu yake wamesimama nyigu wembamba, wa kahawia au wekundu uliofifia, wenye kiuno kirefu chembamba mno. Wakiruka, miguu ya nyuma inaning'inia. Hao ni wa jamaa. Jenasi yao ni Belonogaster, wa Afrika hii hii. Kile kiota ni karatasi ya kweli: wanakwangua nyuzi za mbao kavu, wanazitafuna na mate, wanajenga. Hawana kundi kubwa kama la nyuki, lakini wanatetea nyumba yao. Ukiwaacha, wao wanaendelea kuwinda viwavi bustanini mwako. Kama kiota kiko juu ya mlango ambao watoto hupita kila siku, kiondolewe, na mtu mzoefu, usiku wanapokuwa wametulia, mwili wake ukiwa umefunikwa vizuri. Tafadhali, msichome moto. Nyumba ya nyasi ni nyumba ya nyasi.

Sasa huyu mwingine kila nyumba inamjua. Ni mweusi, mwembamba, ana miguu ya njano na kiuno cha njano chembamba sana. Anakuja na tope kutoka mtoni au bombani, anajenga ukutani, nyuma ya picha, ndani ya mfuko wa koti lililotundikwa muda mrefu. Huyu ni mpweke, na ni mpole mno. Unaweza kukaa chini ya ujenzi wake mwaka mzima asikuguse. Ndani ya kila chumba cha tope anaweka nini? Buibui tena, ila hawa wadogo wadogo, wamepooza, wamejazwa mpaka mlangoni, na yai moja juu ya mmoja wao.

Watoto, kazi yenu ndiyo hii. Tafuteni kiota cha tope cha zamani, chenye matundu. Matundu maana yake wenyewe wameshatoka. Mwombeni mtu mzima akibandue, mkivunje taratibu juu ya karatasi nyeupe. Mtaona maganda, pengine miguu ya buibui iliyosalia. Hesabuni vyumba. Mwandikieni mwalimu wenu mlichokiona.

Wapo pia wajenzi wa tope wakubwa zaidi, ambao hakika huwatisha watu: weusi, wanene, ncha ya tumbo ina rangi ya chungwa. Jenasi yao ni Synagris, nao ni wa Afrika. Dume wa baadhi ya aina zao ana pembe mbili ndefu zinazotoka kwenye taya. Ukimwona, utadhani ndiye hatari kuliko wote. Kumbe dume hana mwiba kabisa! Mwiba wa nyigu na wa nyuki umetokana na kiungo cha kutagia mayai, kwa hiyo ni majike tu wanaochoma. Zile pembe ni za kupigana na madume wenzake. Jike wake hulisha watoto viwavi, na baadhi yao huwaletea chakula kidogo kidogo kila siku mpaka wakue, jambo ambalo nyigu wapweke wengi hawalifanyi. Mkulima wa mahindi anayepambana na viwavi ana kila sababu ya kumwacha mama huyu afanye kazi.

Lakini si kila kitu kikubwa kinachovuma ni nyigu. Huyu anayetoboa boriti za paa lako, akaacha tundu la mviringo na unga wa mbao chini, ni nyuki wa mbao. Mnene, mweusi, mara nyingi ana mkanda mweupe au wa njano mgongoni. Kuna aina ambayo jike ni mweusi lakini dume lake ni la manjano mwili mzima, lina manyoya, na watu wengi huapa kwamba ni wadudu wawili wasiohusiana. Usimchukie kwa ajili ya boriti moja. Mwenye shamba la pasheni anamhitaji, kwa sababu ua la pasheni ni kubwa na nyuki wa asali ni mdogo, hafikishi chavua mahali pake vizuri. Huyu mnene anafika.

Na hapa kuna udanganyifu ninaoupenda sana kuusimulia. Yuko nzi, nzi kabisa, mkubwa mwenye manyoya, anayefanana na nyuki wa mbao kiasi cha kukuchanganya hata ukiwa karibu. Anakaa karibu na matundu yale yale, na buu wake hula mabuu ya nyuki wa mbao. Ndege wanamwogopa wakidhani ana mwiba. Hana. Mwingereza Henry Walter Bates ndiye aliyeieleza dunia namna hii ya kuigiza, mwaka 1862, baada ya kuishi miaka kumi na moja katika misitu ya Amazon: mnyama asiye na silaha huvaa sura ya mwenye silaha, akasalimika.

Utamtambuaje mwigizaji? Hesabu mabawa na utazame kichwa. Nzi ana mabawa mawili tu, macho makubwa yaliyochukua karibu kichwa chote, na vipapasio vifupi sana. Nyigu na nyuki wana mabawa manne, ingawa ya nyuma ni madogo na yameshikamana na ya mbele, kwa hiyo yatazame vizuri, na vipapasio vyao ni virefu, vinaonekana. Mabawa mawili, nzi. Mabawa manne na vipapasio virefu, nyigu au nyuki.

Naona wafugaji wa nyuki wa Inyonga wanataka kuniuliza: je, yuko nyigu anayekula nyuki? Yuko. Si mkubwa sana, ana njano tumboni, naye huwakamata nyuki wa asali kwenye maua na kuwapeleka shimoni mchangani kwa watoto wake. Anapatikana Afrika na Ulaya. Akiwa shimoni, kabla ya kuondoka, huzunguka juu ya mlango mara kadhaa, kila mzunguko mpana kuliko wa kwanza. Ukimwona akizunguka hivyo utadhani anajiandaa kukushambulia. Sivyo. Anaisoma njia. Mholanzi Niko Tinbergen alilithibitisha hilo katika miaka ya 1930 kwa jaribio rahisi ambalo hata mwalimu wa shule ya msingi anaweza kulifanya: alipanga matunda makavu ya msonobari kuzunguka mlango wa shimo, akamwacha nyigu ayazoee, kisha alipokwenda kuwinda akayahamishia pembeni. Nyigu alirudi, akatua katikati ya duara lile, mahali pasipo na shimo. Alikuwa amekariri alama za njia. Mwaka 1973 Tinbergen alipata Tuzo ya Nobel, pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, yule aliyeielezea ngoma ya nyuki. Kwa hiyo mdudu anayekuzunguka mara mbili tatu karibu na ardhi, mpishe hatua chache, umtazame anaposhuka. Pale ndipo kwake.

Jambo jingine, kwa kifupi. Zimezunguka kwenye simu video za nyigu mkubwa mwenye kichwa cha rangi ya chungwa anayeua mizinga mizima ya nyuki. Huyo ni wa Asia ya Mashariki. Mwaka 2019 alionekana magharibi mwa Kanada na katika jimbo la Washington, Marekani, wakapambana naye, na Desemba 2024 Marekani ikatangaza kwamba imemmaliza. Katika miaka ile watu wa huko, kwa hofu, walipeleka kwa wataalamu wadudu wengi wa kwao wasio na hatia wakidhani ndiye. Mdudu wetu wa mabawa ya kutu si yeye. Ni mwenyeji wa Afrika.

Kwa nini nasisitiza haya yote? Kwa sababu mkononi siku hizi tuna kitu kikali kuliko ndara. Tuna dawa ya kunyunyizia. Mtu akiona nyigu mmoja mkubwa penye ua, ananyunyizia ua zima. Mdudu mwingine anayetua pale ni nani? Ni nyuki. Ndugu zangu, Katavi hii ni nchi ya asali. Misitu yetu ya miombo ikichanua, watu wa Mlele wanaishi kwa mizinga, wanasomesha watoto kwa mizinga. Nyuki aliyekula sumu huenda akafia njiani, au akarudi nayo nyumbani. Na dawa haimchagui mwenye kosa. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu tunaua kwa hofu kitu ambacho dakika mbili za kutazama zingetuonyesha kuwa hakina shida nasi.

Na wakati sisi tunawaua nyigu kwa hofu, wenzetu wamewatafuta mbali ili wawasaidie mashambani. Wako nyigu wakubwa weusi wenye manyoya na vipapasio vyekundu ambao jike wao hujichimbia kwenye mbolea na magogo yaliyooza kutafuta mabuu ya mbawakawa mwenye pembe, yule adui wa minazi ambaye wakulima wa pwani humwita chonga. Katika miaka ya 1940 nyigu hao walichukuliwa Zanzibar wakapelekwa visiwa vya Pasifiki, Samoa na Palau, kwenda kusaidia minazi ya huko. Na mihogo yetu? Katika miaka ya 1970 mdudu kama unga mweupe kutoka Amerika Kusini aliingia Afrika kupitia Kongo na kuharibu mihogo nchi baada ya nchi. Aliyemweza ni nyigu mdogo wa milimita moja na nusu hivi, aliyetafutwa Paraguay na kuachiliwa kwanza Nigeria mwaka 1981, kisha nchi nyingi nyingine. Hans Rudolf Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mkulima hakununua dawa hata chupa moja.

Sasa, ukimwona mgeni usiyemjua, fanya hivi. Kama una simu, piga picha kutoka juu na kutoka ubavuni, na video fupi ya anachokifanya, maana hiyo ina thamani kuliko picha. Andika tarehe, saa, mahali, na ua au mti aliokuwepo. Ukimkuta amekufa, weka kiberiti pembeni yake upige picha, ili ukubwa ujulikane. Kisha unaweza kumtia katika kichupa safi chenye spiriti, pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu utayeyuka. Mpelekee afisa kilimo wa kata yako, au afisa nyuki wa wilaya. Likiwashinda, wao wanaweza kuwasiliana na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoko Arusha, au na watafiti wa wanyamapori wa TAWIRI. Ila ukiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, chukua picha tu. Hata mdudu haruhusiwi kuokotwa humo bila kibali.

Muda wetu unakwisha. Walimu, naomba zile hesabu za vyumba vya tope kutoka kwa watoto zitufikie. Tutazisoma hapa hapa na kutaja shule zenu. Na mwenye picha ya mwenye mabawa ya kutu akiburuta buibui, atutumie pia, akitaja kijiji na tarehe.

Wiki ijayo, saa hii hii, ni zamu ya nyuki wadogo wasio na mwiba, wale ambao asali yao kidogo huuzwa ghali kuliko ya mizinga mikubwa. Kama unawafuga nyumbani kwako, tuletee habari mapema.